Mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa Mtwara na Lindi: tuache kuchomeka miche, tukate matuta kwanza

Mwambao Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ukitazama mwambao wetu kwa picha za setilaiti, kuanzia mdomo wa Ruvuma mpaka Kilwa, utaona nyuma ya mikoko kuna viwanja vyeupe visivyoota kitu. Vingine ni vya asili: maji huvifikia wakati wa bamvua tu (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapojaa kupita kawaida), jua linapiga, chumvi inajikusanya yenyewe. Lakini palipo na mistari iliyonyooka na kona za mraba, hapo pana mkono wa mtu. Ni mashamba ya chumvi. Mengine yanafanya kazi, Mungu awabariki wenyewe. Mengine yametelekezwa: mwenyewe kafariki, kafilisika, au mvua ilimvunjia matuta akasema basi.

Nafungua uzi kwa jambo moja linaloniudhi. Kila ikikaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anakaribishwa, na miche ya mkoko inachomekwa kwenye viwanja hivyo kwa mstari kama mahindi. Juni! Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Tunapanda kiangazi kinapoanza, kwenye sakafu ya kiwanda cha chumvi, halafu miche ikikauka tunawasingizia mbuzi.

Hebu tukumbuke shamba la chumvi linatengenezwaje. Mikoko inafyekwa. Ardhi inasawazishwa na udongo wa mfinyanzi unashindiliwa ili maji yasipenye. Matuta yanazungushwa, mlango wa maji unawekwa. Bahari ikijaa wakati wa bamvua unafungua, ukishapata maji unafunga. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Maji yanahamishwa bwawa hadi bwawa yakizidi kukolea. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, jasi inatua chini. Yakibaki kama sehemu moja ya kumi, chumvi ya kula inaanza kuganda. Yale machungu yanayobaki yanamwagwa.

Kwa hiyo mwenye shamba akiondoka anaacha matatizo manne kwa mpigo: sakafu ngumu isiyopitisha mzizi, chumvi iliyolundikana miaka na miaka, tuta linalozuia maji kuingia na kutoka, na la nne ambalo wengi hawalijui, asidi.

Hili la asidi nilieleze kidogo. Tope la mikoko lina chuma na salfa kwa wingi. Ile harufu ya yai viza ukizamisha mguu ndiyo salfa yenyewe. Tope likikaa ndani ya maji halina neno. Likikauka na kupasuka, hewa inaingia kwenye nyufa na ile salfa inageuka asidi kali. Chimba kidogo ukingoni mwa bwawa kavu utaona madoa ya njano ndani ya nyufa, na maji yaliyotuama yana rangi ya kutu. Ukiwa na karatasi za litmasi, hata za maabara ya sekondari ya kata, loweka udongo huo uone zinavyogeuka nyekundu. Mche gani utaishi hapo?

Halafu kwa nini kila mtu anapanda aina moja tu, mkoko wenyewe, na si ndugu zake mchu wala mkandaa? Kwa sababu mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini, inaning'inia ndefu, unaiokota na kuichomeka. Rahisi, na kwenye picha inapendeza. Lakini kiwanja cha chumvi kwa kawaida kiko juu, upande wa nchi kavu, na makazi ya mkoko ni chini, kandokando ya vijito. Mvumilivu wa chumvi kuliko wenzake ni mchu. Lamba jani lake asubuhi utaonja mwenyewe, linatoa chumvi nje.

Ninachosema ni hiki: kazi ya kwanza ni maji. Tafuta vijito vya zamani vilipita wapi kabla ya shamba. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma zinapatikana bure na makovu yake bado yanaonekana. Kata tuta hapo hapo vilipokuwa vikipita. Si popote. Kisha pima kimo cha ardhi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia levo ya msingi, na mambo mbili, yaani vigingi. Mambo moja simamisha palipo na mikoko hai jirani, nyingine ndani ya shamba. Ukiona sakafu ya shamba iko sawa na pale penye mchu na mkandaa, mbegu zikiletwa na maji zitashika bila wewe kupanda hata moja. Ikiwa juu mno, chimba. Ikiwa chini mno, maji yatatuama na hakitaota kitu.

Miche iwe ya mwisho, tena pale tu ambapo mbegu hazifiki.

Karibuni kwa mawazo, na matusi pia ikibidi.

Kakamega wa Shangani

Naweka kambi hapa. Picha mkuu.

Mtu wa Chumvi

Mleta mada unaandika kama mtu ambaye hajawahi kubeba gunia la chumvi kichwani. Mengi uliyoyaita "yametelekezwa" yamelala tu. Chumvi yetu ni ya kiangazi. Mvua zikianza hakuna mtu shambani, utakuta maji ya mvua na bata maji. Mvua moja ya ghafla mwezi wa kumi inayeyusha mavuno yote, na hakuna wa kumdai. Ongeza kuweka madini joto, leseni, usafiri, na bei anayoipanga mnunuzi wa mjini akiwa amekaa kivulini. Mtu akipumzika misimu miwili mitatu kutafuta mtaji, nyie mnakuja na majembe kukata tuta lake?

Tuta lile ni jasho. Kulijenga upya ni gharama kuliko kununua shamba jingine.

Mwambao Kusini

Mkuu, hilo nakubaliana nawe kabisa na ndiyo maana nimesema yaliyotelekezwa. Lililolala linajulikana: mlango wa maji upo, vijiko na makoleo yako kibandani, tuta linafanyiwa ukarabati baada ya masika. Lililokufa nalo linajulikana. Mlango umeoza au umeng'olewa, tuta limemeguka upande mmoja, na ukiuliza kijijini kila mtu anakutajia jina tofauti la mwenye nalo.

Wewe mwenye mtaji mdogo sikugusi. Nazungumzia hayo mengine, ambayo hayatoi chumvi, hayatoi samaki, na kijiji hakipati hata kuni.

Binti Msangamkuu

Kaka Mwambao, haya ya mbegu kujileta zenyewe nimeyaona kwa macho na sikujua kama yana elimu yake.

Sisi wanawake tunashuka maji yakipwa kutafuta chaza na kaa. Kuna shamba moja la zamani, tuta lake bahari ililivunja yenyewe wakati wa bamvua kubwa ya mwezi wa tatu. Hakuna aliyelijali. Baadaye tukaanza kuona mchu mdogomdogo umeota pale penye upenyo. Ulianza mwingi mlangoni, kisha ukatawanyika kuelekea ndani kufuata njia ya maji. Pale maji yasipofika, kweupe mpaka leo, mstari unaonekana. Kaa wenye kucha kubwa moja walitangulia kuliko hata miche, matundu yao yalijaa sakafu nzima.

Na jirani yake kuna kiwanja walichopanda kwa sherehe. Vijiti viko vile vile, vikavu. Watoto wanaviokota kuwashia moto.

Mwambao Kusini

Dada, wewe umemaliza kila kitu. Na hao kaa uliowataja usiwapuuze: wanatoboa sakafu iliyoshindiliwa, maji na hewa vinashuka chini. Kazi ya jembe hiyo, bila posho.

Mchimba Kifusi

Huku kwetu bara hakuna mikoko wala bamvua, tuna mashimo. Barabara ilipojengwa mkandarasi alichukua kifusi kwenye mashamba ya watu, fidia ikalipwa ya mazao, barabara ikaisha, mitambo ikaondoka. Limebaki shimo lenye kuta zilizosimama wima. Masika linajaa maji, mbu na watoto wanaoogelea. Kiangazi ni uwanja mwekundu mgumu. Wazee wamejaribu mikorosho, inadumaa. Na yenyewe tukate tuta?

Mpwani wa Mombasa

Naomba niingilie kutoka huku kwetu Mombasa, maana swali la ndugu yangu lina jibu zuri hapa Bamburi.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale. Kilichobaki kilikuwa uwanja mkubwa wa mawe meupe, jua linachoma, maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda, akaanza kujaribu miti. Alijaribu aina 26 na zikasimama tatu pekee, mmoja wapo mvinje. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba kuanza maisha.

Lakini sikilizeni palipokwama. Majani ya mvinje yalidondoka yakalala juu ya mawe bila kuoza. Miti ipo, udongo haupo. Akaona jongoo, hawa hawa wakubwa wetu wa pwani wenye miguu myekundu, wanakula yale majani makavu. Akaleta mamia kwa mamia. Jongoo wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Baada ya hapo ndipo miti mingine ikaweza kupandwa, na leo pale ni msitu wenye twiga na viboko, watu wanalipa kiingilio.

Kwa hiyo huko kwenu msianze na mkorosho. Anzeni na kinachotengeneza udongo.

Kakamega wa Shangani

Jongoo! Na sisi tunawamwagia chumvi nyumbani.

Fundi Mitambo

Nimeendesha buldoza na kijiko miaka mingi, kusini na kwingineko, niseme upande wetu.

Shimo la kifusi huharibika siku ya kwanza. Udongo wa juu, zile sentimita 20 au 30 zenye mizizi na weusi weusi, ndio wenye mbegu na vijidudu vyote. Utaratibu ni kuukwangua wenyewe, kuulundika pembeni, lundo lisizidi kama mita mbili maana ukiurundika sana wa katikati unakosa hewa na kufa. Usichanganywe na kifusi. Kazi ikiisha unarudishwa juu. Sasa nieleze kinachotokea saiti: msimamizi ana haraka, kila kitu kinasukumwa lundo moja, wa juu unakwenda chini, wa chini juu. Ukija kurejesha hapo, unarejesha nini?

Kwa Mchimba Kifusi: kuta zile wima zilazwe. Mita moja kwenda juu, mita tatu kwenda mbele, huo ndio mlalo mimi ningeridhika nao kwenye udongo wetu mwekundu wa kichanga, vinginevyo masika moja tu ni korongo. Kisha sakafu ichanwe kwa ripa, ile meno ya nyuma ya buldoza, kufuata kontua, yaani kukatiza mteremko kwa kimo kilekile, si kushuka nao. Mkorosho unavumilia udongo maskini, lakini mzizi wake unataka kwenda chini, na sakafu iliyopitiwa na malori ya tani kumi na kitu ni zege. Hiyo ndiyo sababu inadumaa. Ukishachana, rudisha udongo wa juu kama upo. Kama haupo, mbolea ya samadi, majani, mbaazi na kunde miaka michache, ndipo mti.

Na siku hizi kwenye vijiji vya uwanda wa Makonde msikimbilie kufukia kila shimo. Maji kule ni shida tangu enzi. Mashimo mengine wanakijiji wenyewe wanayataka yabaki malambo, basi yalazwe upande mmoja mtu na ng'ombe wateremke salama, na yazungushiwe uzio wa minyaa.

Kingine. Waingereza walipokuja na mradi wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, walisafisha pori kwa matrekta mazito wakitaka kung'oa mpaka mizizi. Mradi ulizikwa 1951 baada ya kumeza kama pauni milioni 36. Pori la miombo lina tabia moja nzuri: ukikata mti ukaacha kisiki, unachipua. Ukikokota mzizi wote kwa mnyororo, hapo umefuta kumbukumbu ya ardhi. Mkandarasi akisema atasafisha eneo, muulizeni visiki vya pembeni vinabaki au haviachwi.

Mchimba Kifusi

Fundi, umenifungua. Swali dogo: na kule wanakochenjua dhahabu kwa zebaki, tukichana na kupanda mbaazi inafaa?

Fundi Mitambo

Hapana kabisa. Zebaki haiozi na haichomwi na jua ikaisha. Ile michanga ya kuoshea isitawanywe shambani wala isisogezwe mtoni. Ikusanywe mahali pamoja, mbali na maji, ifunikwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, na chakula kisilimwe juu yake. Udongo upimwe maabara kwanza kabla ya kingine chochote. Hilo si suala la mche.

Wakili wa Kijiji

Upande wa sheria, kwa ufupi maana nina kesi asubuhi.

Chumvi kwa sheria zetu ni madini. Mzalishaji anakata leseni Tume ya Madini, na leseni ndogo ya uchimbaji ni ya miaka saba inayoweza kuhuishwa. Kwa hiyo mtu akiwaambia "hili shamba ni la fulani", muulize leseni iko hai? Mikoko nayo ni misitu ya hifadhi ya serikali, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Huwezi kuamka na majembe, hata kama nia ni njema. Mkiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, mnaanzia ofisi ya hifadhi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na inatoa nafasi ya kumpa mharibifu amri ya kurejesha mazingira. Kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imewapa nguvu: anayetaka kuchimba kifusi lazima apite kwenu. Hapo ndipo muandike sharti la udongo wa juu, milalo ya kuta, na nani anakagua kabla mitambo haijaondoka. Muhtasari wa mkutano mkuu, sahihi, mhuri. Mkishaachia mitambo ikapanda lori, mnamkimbiza nani?

Mjasiria Bahari

Mimi naona mnapoteza muda. Shamba la chumvi lililokufa ni bwawa la samaki lililokamilika. Tuta lipo, mlango upo. Weka mwatiko, miezi michache unavua. Mikoko itanilipia ada ya mtoto?

Mwambao Kusini

Mwatiko ni wazo zuri na wapo Mtwara wanaofuga. Ila pima kwanza ile asidi niliyoitaja. Bwawa lililokauka muda mrefu ukilijaza maji siku moja, asidi na chuma vinatoka kwa pamoja na vifaranga vyako vinageuza matumbo juu. Lijaze na kulimwaga mara kadhaa wakati wa bamvua, maji mengi yaoshe. Na hao vifaranga wa mwatiko unawapata wapi? Wanakulia kwenye vijito na madimbwi ya mikokoni. Kamba nao hivyo hivyo. Ukibakiza bwawa moja la samaki na kufungua mengine yote kwa bahari sina ugomvi nawe.

Tahadhari hiyo ya asidi inawahusu pia wanaokata tuta kwa ajili ya mikoko. Usifungue wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, kwenye kijito chembamba, utawaua samaki wa wenzio. Fungua bamvua ikipanda, bahari yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku hizo, inasukuma na kuondoa. Ukiweza iwe Novemba, mvua zije zisaidie kuosha chumvi.

Mtu wa Chumvi

Nimesoma hadi hapa. Nina shamba la marehemu mjomba, limekaa tangu afariki, leseni haijahuishwa, na ndugu hawaelewani. Sitaki tuta lote livunjwe. Kesho mtu akipata mtaji je?

Mwambao Kusini

Halivunjwi lote. Linakatwa pale vijito vilipopita, panaweza kuwa pawili au patatu, kwa upana wa kijito chenyewe na kina cha sakafu yake. Tuta linalobaki katikati halimdhuru mtu, kaa watalitoboa taratibu. Ila nikuambie ukweli: maji yakishaingia na mchu ukaota, ni msitu wa hifadhi tena. Hutapata kibali cha kuufyeka ukatengeneze chumvi. Kwa hiyo ndugu wakae kwanza, muamue, muandike. Ukishapata jibu lao njoo inbox twende TFS pamoja, mpira wa levo ninao.

Mtu wa Chumvi

Ndugu wenyewe mmoja yuko Dar, mmoja Masasi, na wa tatu hapokei simu yangu. Tuone baada ya korosho.

Wakili wa Kijiji

Huyo asiyepokea simu mpelekee barua kupitia mtendaji wa kijiji, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri.